NEPOMUK, MUJI ALIMOZALIWA MUTAKATIFU YOANE NEPOMUCENO



Tunapofundisha wakatekumeni sakramenti ya Kitubio, twawaeleza kwamba padri hawezi kufunua alilolisikia katika ungamo, hata akitishwa kuuawa. Hapo twamutaja Mutakatifu Yoane Nepomuceno. Mara nyingi mwanafunzi huuliza: Nepomuceno ni jina la baba yake? Hapana, ni jina la muji wake. Nimeona vema kuandika habari za muji huo, maana historia yake ni kubwa kuliko wingi wa nyumba zake. Tena, si yote tunayoyasimulia juu ya mwana wake yana hakika moja.

Nepomuk iko katika inchi ya Cheki, upande wa magaribi wa Bohemia, kilometri kama 30 kusini-mashariki mwa muji mukubwa wa Plzeň. Wakaaji wake hawafiki 4,000. Gari la moshi litokalo Plzeň kwenda České Budějovice haliingii katikati ya muji. Husimama Dvorec, na mugeni humaliza safari kwa njia nyingine. Kandokando mna mashamba, misitu na mabwawa ya samaki. Upande wa kaskazini wasimama mulima Zelená hora, maana yake Mulima wa Kijani, wenye jumba kubwa la wakubwa wa zamani kileleni. Wazee wa huko husimulia kwamba Askofu Adalberto, alipokuwa akirudi kutoka Roma wakati wa ukame, aliibariki inchi toka juu ya mulima huo, mvua ikanyesha na majani yakachipuka.

Karibu ya mwaka 1145 watawa Wasistersiani walifika kutoka Ebrach, katika Ujeremani, wakajenga monasteri chini ya mulima. Mwaka 1420, katika vita vya Wahusi, monasteri ilichomwa, wala haikujengwa tena. Kijiji kilichopo mahali pale chaitwa mpaka leo Klášter, ndiyo kusema Monasteri.

Muji wenyewe zamani uliitwa Pomuk. Humo, karibu ya mwaka 1345, Yoane alizaliwa, mwana wa mwamuzi wa muji aliyeitwa Velflin. Alisoma Praha, kisha Padova katika Italia, akapata udaktari wa sheria za Eklezya mwaka 1387. Miaka miwili baadaye alikuwa Vikari Mukuu wa Yoane wa Jenštejn, Askofu Mukuu wa Praha.

Mufalme Venseslas IV alikuwa akigombana na Askofu huyo. Alitaka kuanzisha jimbo jipya katika magaribi ya Bohemia, na mali ya monasteri ya Kladruby iwe ya jimbo hilo. Alingoja tu abati muzee afe. Abati alipokufa mwaka 1393, watawa walichagua mwingine upesi, na Vikari Mukuu Yoane akamusimika bila kukawia. Mufalme alijaa hasira. Yoane na wenzake walikamatwa, wakateswa, wakachomwa kwa mienge. Wenzake waliachiliwa baada ya kuapa kwamba hawatasema waliyotendewa. Yoane alikuwa ameumizwa mno. Usiku wa tarehe 20 Machi alitupwa toka darajani katika muto Vltava.

Na ungamo je? Mwaka ule ule Askofu Mukuu aliandika mashitaka yake kwa Papa. Alieleza mateso ya Vikari wake, lakini hakutaja ungamo. Habari ya kwamba mufalme alitaka kujua zambi za malkia yaonekana katika maandishi ya karne iliyofuata. Hata ule ulimi ulioonwa katika kaburi mwaka 1719, ukaheshimiwa kuwa haukuoza, wataalamu waliupima mwaka 1973 wakaona ni kipande cha ubongo.

Nakiri kwamba niliposoma hayo mara ya kwanza nilifazaika, kwani nilikuwa nimefundisha hadisi hiyo miaka mingi pasipo kuuliza. Lakini mutu aliyekubali kufa kuliko kuacha haki ya Eklezya iliyowekwa mikononi mwake hapungukiwi na kitu. Siku hizi naanza na Kladruby, kisha nasema: na mapokeo ya Eklezya yaongeza habari ya ungamo. Wanafunzi husikiliza vizuri zaidi.

Papa Benedikto XIII alimutangaza mutakatifu mwaka 1729. Mahali ambapo nyumba ya wazazi wake ilisimama palijengwa kanisa. Lile la leo ni kazi ya Kilian Ignaz Dientzenhofer, aliyelijenga kati ya miaka 1734 na 1738. Kanisa la zamani zaidi ni la Mutakatifu Yakobo. Kiwanja cha katikati chaitwa kwa jina la Augustin Němejc, muchoraji aliyezaliwa hapo mwaka 1861.

Mulima nao ulikuwa na uongo wake. Mwaka 1817 ilisemwa kwamba maandishi ya kale sana ya lugha ya Kicheki yameokotwa katika jumba la Zelená hora. Watu walijivunia mashairi yale, mpaka wenye elimu, kati yao T. G. Masaryk, aliyekuwa baadaye Prezidenti wa kwanza wa inchi, waliposibitisha mwaka 1886 na kuendelea kwamba ni ya kubuniwa. Walitukanwa sana kwa ajili hiyo.

Baada ya mwaka 1950 serikali ya kikomunisti iliweka katika jumba hilo kikosi cha waaskari wa kazi. Vikosi vya namna ile vilipewa sururu na beleshi kuliko bunduki, maana walioingizwa humo hawakuaminiwa. Mapadri na waseminari walikuwa kati yao. Vilivunjwa mwaka 1954.

Sikukuu ya Mutakatifu ni tarehe 16 Mei, na wakati huo wahaji hufika Nepomuk kusali katika kanisa lililo mahali alipozaliwa.