Ubishi wa Erb na Westphal: Historia ya Refleksi ya Goti, 1875–1943

Mwaka 1875, madaktari wawili wa Kijerumani, Wilhelm Erb wa Heidelberg na Carl Westphal wa Berlin, walichapisha katika jarida moja maelezo ya jambo lile lile: kano iliyo chini ya pia ya goti ikigongwa, msuli wa mbele ya paja hujikaza na mguu huruka mbele. Walikubaliana kuhusu tukio, wakahitilafiana kuhusu chanzo. Erb aliliita refleksi, yaani mwitiko usio wa hiari, unaoanzia kwenye kano na kupitia ugwemgongo. Westphal alishikilia kwamba pigo huushtua msuli wenyewe moja kwa moja.

Ubishi huo uligusa tiba. Westphal alibaini kuwa wagonjwa wa tabesi, maradhi yanayoharibu njia za hisi za ugwemgongo, hukosa mwitiko huo. Dalili hiyo ilianza kutumika kabla maelezo yake hayajaafikiwa.

Majaribio ya awali hayakuumaliza ubishi. Mizizi ya neva ilipokatwa kwa wanyama, mwitiko ulitoweka. Waliomuunga mkono Erb waliona ushahidi umetimia. Wapinzani walijibu kwamba msuli uliotengwa na ugwemgongo hupoteza mkazo wake wa kawaida, hivyo hauwezi kuitikia pigo. Tena, walidai, muda kati ya pigo na mkazo ni mfupi mno kwa ishara kwenda na kurudi.

Mwaka 1924, Liddell na Sherrington wa Oxford walionyesha kwa paka kwamba msuli ukivutwa milimita chache tu hujikaza, na neva zake zikikatwa mkazo huo hutoweka. Kichocheo, basi, ni kuvutwa kwa msuli, ambako hupokewa na vihisio vilivyomo ndani yake. Na mwitiko huo husaidia mwili kusimama wima. Mwaka 1943, David Lloyd wa New York alionyesha kuwa kati ya neva ya hisi na neva ya mwendo mna sinapsi moja tu. Ufupi wa muda uliotumiwa kumpinga Erb ukapata maelezo yake.

Hivyo, Erb alikuwa sahihi kuhusu njia, lakini si kuhusu kano. Westphal alikosea njia, ila hakukosea kuutazama msuli. Kutokana na ubishi wao, nyundo ya daktari ilipata maana: mwitiko ukikosekana, huashiria kuwa njia hiyo imeharibika, ukizidi, huashiria kuwa udhibiti wa ubongo juu ya ugwemgongo umepungua.