Baba Alifanya Kazi Gani?

Mwulize mtoto wa mvuvi baba yake anafanya kazi gani, atakuonyesha nyavu. Watoto wawili wa Alastair Denniston hawakuwa na cha kuonyesha. Kwa zaidi ya miaka 20 baba yao aliongoza idara ya Uingereza iliyofumbua ujumbe wa siri wa mataifa mengine, kazi ambayo sheria ilikataza kuitaja hata nyumbani. Wengi wetu tunaijua Bletchley Park kupitia jina la Alan Turing. Mimi humfikiria zaidi aliyekuwa mkuu pale Turing alipofika, na swali aliloiachia familia yake: unamkumbukaje mtu ambaye sehemu kubwa ya maisha yake hukuruhusiwa kuijua?

Denniston alizaliwa Greenock, Scotland, mwaka 1881. Alisoma Bonn na Paris, akafundisha Kijerumani katika chuo cha jeshi la wanamaji, na mwaka 1908 alikuwa katika timu ya hoki ya Scotland iliyopata medali ya shaba kwenye Olimpiki ya London. Vita vilipoanza mwaka 1914, jeshi hilo lilitafuta watu wanaojua Kijerumani ili wasome ujumbe wa adui ulionaswa hewani. Aliingia katika ofisi iliyojulikana kwa namba ya chumba chake tu, Room 40. Dorothy Gilliat naye alifanya kazi humo, na mwaka 1917 wakaoana. Kwa hiyo watoto wao walikula meza moja na watu wawili waliobeba siri ileile.

Mwaka 1919 Denniston alikabidhiwa idara mpya ya ufumbuzi, yenye watu wachache na fedha haba. Aliilea kwa miaka 20 wakati ambapo serikali haikuwa na haraka nayo. Julai 1939 alisafiri hadi msitu wa Pyry, karibu na Warsaw. Huko Wapolandi, ambao walikuwa wameanza kuifumbua mashine ya Enigma ya Wajerumani tangu mwaka 1932, waliwafichulia Waingereza na Wafaransa mbinu zao. Zawadi hiyo ilitolewa wiki chache tu kabla ya Poland kuvamiwa. Denniston pia ndiye aliyekuwa amepita vyuo vikuu mapema akitafuta wasomi wa kuitwa vita vikianza. Turing alikuwa mmoja wao. Aliripoti Bletchley tarehe 4 Septemba 1939.

Lakini ofisi ndogo ikawa kama mji. Oktoba 1941 wafumbuzi wanne, Turing akiwemo, waliwaruka wakubwa wao wakamwandikia Churchill moja kwa moja, wakilalamika kwamba kazi inakwama kwa kukosa watu. Churchill akaamuru wapewe wanachohitaji. Mwaka huohuo Denniston alikuwa ameugua na kulazwa hospitali. Februari 1942 aliondolewa Bletchley, akahamishiwa London kusimamia ufumbuzi wa ujumbe wa kibalozi na wa kibiashara. Naibu wake, Edward Travis, akachukua usukani. Travis baadaye alipewa cheo cha Sir. Denniston hakupewa.

Hapa kumbukumbu ya familia na historia ya ofisi hazisemi kitu kimoja. Kwa familia, mjenzi alitolewa ndani ya nyumba aliyoijenga. Kwa waliosaini ile barua, kila siku ya kusubiri karani mmoja zaidi ilikuwa na gharama yake baharini, ambako meli zilikuwa zikizamishwa. Naamini pande zote mbili zilisema kweli. Mtu anaweza kuwa na subira ya kukilinda kitu kidogo kisife, kisha subira hiyohiyo isitoshe kitu hicho kinapokua ghafla. Jukumu lilimzidi, lakini hilo halifuti miaka 20 ya kulilea.

Na kitu hicho kilikua hadi kikafika kwetu. Mwaka 1942, miezi michache baada ya Denniston kuhamishwa, wafumbuzi wa jeshi la wanamaji la Uingereza waliokuwa wamekimbia Singapore, kisha Colombo, waliwekwa Mombasa, katika shule ya Allidina Visram iliyotazama bahari. Kutoka hapo walifumbua msimbo uliotumiwa na meli za mizigo za Japani. Mwaka uliofuata wakarudi Colombo. Shule ikabaki shule, na siri yao wakaondoka nayo.

Denniston alistaafu mwaka 1945 akiwa na pensheni ndogo, akaenda kufundisha Kifaransa na Kilatini katika shule ya watoto huko Leatherhead. Alifariki tarehe 1 Januari 1961. William Friedman, mfumbuzi mkuu wa Marekani aliyekuwa rafiki yake, alimwandikia binti wa marehemu kwamba baba yake alikuwa mtu mkubwa, na kwamba ni huzuni kuwa wanaojua alichofanya ni wachache mno. Binti huyo aliambiwa ukubwa wa baba yake bila kuelezwa ukubwa wenyewe ulikuwa upi. Habari za Bletchley zilianza kutolewa hadharani mwaka 1974, miaka 13 baada ya mazishi.

Mwana wake, Robin, alikuwa mchapishaji wa vitabu. Maisha yake yote alitoa hadithi za watu wengine, na mwaka 2007, akiwa amepita miaka 80, akatoa kitabu kuhusu baba yake. Wapo watakaosema mtoto si shahidi huru, na ni kweli, mapenzi yana upande. Lakini nyaraka za serikali zilimtaja Denniston kwa vyeo, tarehe na uhamisho. Kwamba uhamisho ule uliuma, hilo halikuwa na faili. Lilihifadhiwa na watu waliomfungulia mlango jioni ile aliporudi nyumbani, wakaona uso wake, na wakajua wasiulize.