Hesabu ya Vipande na Mteremko wa Hanang'

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang' ilikatika, na tope, mawe na magogo yakateremka hata Katesh, Gendabi na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki. Serikali ilieleza ya kuwa hapakuwa na mlipuko wa volkano. Mwamba dhaifu ulinyonya maji mengi hata ukashindwa kujishikilia. Kwa mjuzi wa hesabu, maelezo hayo ni swali la zamani: mtu akijua yanayotukia kwenye kingo za kitu, na kanuni inayotawala ndani yake, aweza kujua hali ya kila mahali ndani? Maswali ya namna hii huitwa maswali ya mipakani.

Kwa maumbo manyofu kama duara na mstatili, majibu kamili yalipatikana tangu karne ya 19. Lakini mlima si duara. Mwaka 1910 Mwingereza Lewis Fry Richardson alitaka kujua nguvu zilizomo ndani ya ukuta wa mawe kama ule wa bwawa la Aswan, huko Misri, uzuiao maji ya mto Nile. Alichora wavu wa miraba juu ya umbo la ukuta, akakisia kiasi katika kila fundo, kisha akasahihisha tena na tena mpaka tarakimu zikakaribia kutulia. Kazi hiyo ya kuchosha aliwapa vijana kwa ujira wa kila fundo. Mmoja wa wepesi wao alitimiza hesabu 2,000 kwa juma, na zilizokosewa hazikulipwa. Hao ndio waliokuwa kompyuta za wakati ule.

Wavu wa miraba haukai vema juu ya ukingo uliopinda. Mwaka 1943 Richard Courant, aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler na kufundisha New York, alitumia pembetatu, ambazo hufuata mpaka wowote: ndogo penye mabadiliko makali, kubwa palipotulia. Wahandisi wa ndege waliifikia njia hiyo kwa mlango mwingine. Mwaka 1956 Turner, Clough, Martin na Topp walieleza jinsi ya kukokotoa bawa la ndege kwa kulikata vipande, na mwaka 1960 Ray Clough akaipa njia hiyo jina lake, yaani njia ya vipande vyenye kikomo.

Kutoka bawa hata udongo haikuwa safari ndefu. Mwaka 1975 Zienkiewicz na wenzake waliupima mteremko hivi: ndani ya hesabu, nguvu ya udongo hupunguzwa kidogo kidogo mpaka vipande visiweze tena kushikana. Kadiri ilivyopunguzwa ndiyo kadiri ya usalama uliokuwapo. Tena mkokotoaji halazimiki kukisia kwanza mahali pa kukatika. Vipande vyenyewe vyapaonyesha.

Hata hivyo njia hii haijui lolote ila lile inaloambiwa mipakani. Maji yakijaa katika matundu ya udongo hubeba sehemu ya uzito, na msuguano kati ya chembe hupungua. Basi jibu lote lategemea maji yaliyoingia kwa juu, na kina cha mwamba mgumu kwa chini. Kosa la mpakani huenea katika kila fundo, wala kuongeza pembetatu milioni hakuliondoi. Kipimo cha mvua cha bondeni hakitoshi kwa mlima wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400. Vyombo vya kupimia juu ya mlima ni gharama ndogo mno ukikumbuka waliozikwa.

Upande wa Mbulu, huko Kainam, wakulima wa Kiiraqw wamelima miteremko mikali kwa vizazi vingi, kwa matuta, mifereji na samadi. Kazi hiyo yote hufanyika pale pale mpakani: huamua maji yapi yaingie ardhini na yapi yapitishwe kando. Mkokotoaji asiyeyatia matuta hayo katika mpaka wake wa juu atakuwa anapiga hesabu ya mteremko mwingine. Kimo cha tuta, upana wa mfereji na majira ya kuufukua havionekani vyote katika picha za angani. Hupimwa shambani, pamoja na wenye shamba.