Neasden: Kufuli gani huzuia wezi wa pikipiki?

Kwa mwenye pikipiki inayolala nje mtaani Neasden, kaskazini-magharibi mwa London, kufuli la diski ya breki pekee halitoshi. Huzuia gurudumu kuzunguka, lakini wezi wawili huweza kuinyanyua pikipiki na kuipakia garini.

Sold Secure, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1992 na polisi wa Northumbria na Essex, huyapima makufuli na kuyapa madaraja ya shaba, fedha, dhahabu na almasi.

Mnyororo wenye pete za unene wa milimita 16 huyashinda makasi ya mkono. Mashine ya umeme ya kukatia chuma ni jambo jingine. Ufungwe kwenye chuma kilichozamishwa katika saruji, bila kugusa ardhi, mwizi asipate pa kuupondea kwa nyundo.