Kenya na Hesabu ya Watu Majimboni

Askari anayelinda sanduku la kura haulizi limetoka katika jimbo lenye watu wangapi. Wajibu wake ni kulifikisha salama. Hata hivyo swali hilo limewasumbua jirani zetu wa Kenya tangu walipojitawala.

Tunaposema jimbo tunakusudia sehemu inayopeleka mbunge mmoja. Wakenya wenyewe huiita eneo bunge, maana neno majimbo kwao lilikwisha kushikwa na mabishano ya mwaka 1963 juu ya serikali za mikoa.

Mwaka huo wa uhuru Kenya ilikuwa na majimbo 117. Mwaka 1966 Baraza la Senate lilipounganishwa na lile la Wawakilishi, viti 41 vya maseneta havikufutwa, bali viliongezwa juu, ikawa 158. Idadi ilipanda tena hadi 188 kwa uchaguzi wa 1988, na 210 kwa uchaguzi wa 1997. Katiba ya zamani iliagiza kwamba majimbo yakaribiane kwa wingi wa watu kadiri iwezekanavyo, ila iliruhusu kuzingatia pia hali ya nchi, njia za mawasiliano na mipaka ya utawala. Mlango huo mdogo wa dharura ukageuzwa kuwa lango kuu.

Sensa ya mwaka 2009 iliyaweka wazi matokeo yake. Embakasi, katika jiji la Nairobi, ilikuwa na watu 925,775. Lamu Mashariki ilikuwa na watu 18,841. Kila moja ilikuwa na mbunge mmoja. Kwa hiyo mkaazi mmoja wa Lamu Mashariki alikuwa na uzito bungeni sawa na wakaazi 49 wa Embakasi.

Lakini asiharakishe mtu kuwalaumu watu wa Lamu. Jimbo lao ni kisiwa cha Pate na visiwa vidogo, pamoja na Kiunga na msitu wa Boni, hadi mpaka wa Somalia. Askari aliyepata kupangiwa kituo kisiwani anajua jinsi makao makuu yanavyoweza kukusahau. Mbajuni wa Faza akiunganishwa na bara kwa hesabu tupu, ni nani atakayemsikia?

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini Kenya. Si haki kusema mipaka ndiyo iliyowaua. Yalikuwapo mambo ya ardhi, ukabila na matokeo yaliyopingwa. Hata hivyo tume ya Jaji Johann Kriegler wa Afrika Kusini, katika taarifa yake ya 2008, ilitaja tofauti hiyo ya majimbo miongoni mwa kasoro za uchaguzi. Tume nyingine, ya Jaji Philip Waki, ilihesabu 405 waliokufa kwa risasi. Ugomvi ambao wanasiasa walishindwa kuumaliza mezani ulikuwa umeachiwa polisi barabarani.

Katiba ya 2010 ikaweka majimbo 290. Kwa sensa ya 2009 wastani ulikuwa watu 133,138, na tofauti iliyoruhusiwa ni asilimia 40 kwa miji na sehemu zenye watu wachache, asilimia 30 kwingineko. Embakasi ikagawanywa mara tano. Lakini Katiba hiyo hiyo ilikataza jimbo lolote lililokuwapo lisipotee katika mapitio ya kwanza, na Lamu Mashariki ikasalimika.

Mipaka iliyotangazwa Machi 2012 ilitumika katika chaguzi za 2013, 2017 na 2022. Ilipasa kupitiwa upya kabla ya miaka 12 kupita, yaani kufikia Machi 2024. Muda huo ulipita huku tume ya uchaguzi ikiwa haina makamishna tangu mapema 2023. Wapya waliapishwa Julai 2025. Wakati huo sensa ya 2019 ilikuwa imekwisha kuhesabu Wakenya 47,564,296, na wastani wa jimbo kupanda hadi 164,015. Lamu Mashariki ilikutwa na watu 22,258, na kinga yake ilikuwa ya mapitio ya kwanza tu.