Spitfire ya Mezani: Safari ya Modeli za Ndege Kuelekea Usahihi

Mwaka 1937, wahandisi wa kampuni ya Supermarine nchini Uingereza walikuwa wakijiuliza swali la gharama. Ndege yao mpya ya kivita, Spitfire, ilifungwa kwa ribiti za bapa zilizolala sawasawa na bati, na kuzipachika kulikula muda na fedha. Je, zilihitajika kila mahali? Wakachukua njegere kavu zilizopasuliwa, wakazibandika kwa gundi juu ya ribiti ili zifanane na ribiti za kichwa cha mviringo, kisha ndege ikarushwa. Mwendo ukapungua kwa karibu kilomita 35 kwa saa. Wakawa wanazibandua safu kwa safu, wakipima upya kila mara, mpaka wakajua wapi kichwa cha ribiti kinaizuia ndege na wapi hakina madhara. Mabawa yakabaki laini. Sehemu ya nyuma ya kiwiliwili ikaruhusiwa ribiti za mviringo.

Anayeunda Spitfire ya plastiki leo hana budi kuijua habari hiyo. Akitoboa safu za ribiti zinazofanana kuanzia puani hadi mkiani, atakuwa ameunda ndege ambayo haikuwahi kuruka.

Modeli za plastiki za kuunganisha na Spitfire ni marika. Spitfire ya kwanza iliruka tarehe 5 Machi 1936, na mwaka huohuo kampuni ya International Model Aircraft ya Uingereza ikaanza kuuza modeli zake za Frog Penguin kwa skeli ya 1:72. Miongoni mwa za mwanzo zilikuwa Gloster Gladiator na Hawker Fury. Plastiki ya wakati huo ilikuwa na tabia ya kupinda kadiri miaka inavyopita, na chumba cha rubani hakikuwa na vitu vingi vya kuonyesha.

Vita vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyoufanya usahihi uwe jambo la kufa na kupona. Mwaka 1942, Jeshi la Wanamaji la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule watengeneze modeli 500,000 za mbao, zipakwe rangi nyeusi, ili askari wajifunze kutofautisha ndege ya rafiki na ya adui kwa umbo lake tu. Hesabu yake ni nyepesi: modeli ya 1:72 iliyoshikwa mita 10 mbele ya macho huonekana kama ndege halisi iliyo umbali wa mita 720. Bawa likikosewa umbo, mpiga mizinga aliyefundishwa kwa modeli hiyo angeweza kumlenga mwenzake.

Baada ya vita, kampuni ya Airfix iliziingiza modeli katika nyumba za watu wa kawaida. Katika miaka ya 1950 mtoto wa Kiingereza aliweza kununua Spitfire kwa shilingi 2. Ilikuwa na upana wa sentimita 15 hivi, na ribiti nyingi za modeli za enzi hizo zilikuwa vinundu vilivyotuna juu ya plastiki. Kinundu cha nusu milimita kwenye skeli ya 1:72 ni sawa na milimita 36 kwenye ndege halisi, yaani ribiti kubwa kuliko sarafu.

Mambo yalibadilika mwaka 1970, Airfix ilipotoa Spitfire ya skeli ya 1:24. Upana wake unakaribia sentimita 47, na ndani yake imo injini ya Merlin inayoweza kuonekana vifuniko vikiondolewa. Ukubwa huo ulileta raha, ukaleta na kazi, kwa sababu kilichokosekana sasa kilionekana. Merlin ina silinda 12 na kila silinda ina plagi 2. Fundi mwenye subira hutoboa matundu kwa keekee nyembamba ya mkono, akapitisha waya wa shaba wenye unene wa milimita 0.3, ambao kwa skeli hiyo unawakilisha waya wa milimita 7 hivi. Mabomba ya mafuta huyatengeneza kwa waya wa risasi, kwa kuwa hukunjika bila kurudi nyuma.

Kilichokuwa kazi ya mtu mmoja na wembe wake kikageuka biashara. Mwaka 1989 ilianzishwa kampuni ya Eduard katika Chekoslovakia ya wakati huo, nayo ikajipatia jina kwa vipande vya bati jembamba. Mchoro huhamishiwa kwenye bati kwa mwanga, kisha tindikali hula sehemu zisizohitajika, zikabaki bizimu za mikanda ndogo kuliko punje ya mchele. Tamiya ya Japani ilipotoa Spitfire yake ya 1:32 mwaka 2009, vipande vya namna hiyo vilikuwa tayari ndani ya boksi. Mwaka huohuo Wingnut Wings, kampuni ya New Zealand ya mwongozaji filamu Peter Jackson, ilianza kuuza ndege za Vita vya Kwanza vya Dunia za 1:32, na vijitabu vyake vya maelekezo vikajaa picha za kihistoria. Ilifungwa mwaka 2020.

Hata hivyo, vipande vingi havihakikishi ukweli. Mlangoni mwa chumba cha rubani cha Spitfire kulikuwa na mtaimbo mdogo wa kuvunjia kifuniko cha kioo wakati wa dharura. Kwa miaka mingi mafundi wameupaka rangi nyekundu, wakiiga ndege zilizokarabatiwa baada ya vita, ilhali wakati wa vita wekundu huo haukuwa desturi. Kiti nacho mara nyingi hakikuwa cha chuma. Vingi vilifinyangwa kwa karatasi iliyoshindiliwa pamoja na gundi ngumu, vikawa na rangi ya kahawia inayoelekea wekundu.

Kwa hiyo anayetaka kuanza kazi hii asikimbilie kununua vipande vya ziada. Achague ndege moja yenye namba yake, atafute picha yake iliyopigwa enzi zake, aichunguze sehemu kwa sehemu, ndipo afungue chupa ya gundi.