Mke Tu: Historia Fupi kwa Mwanamke Anayeanza Upya

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Mahakama ya Mwanzo ya Wilaya ya Ilala, pale Kariakoo, ilimnyima Bi Hawa Mohamed sehemu ya mali iliyopatikana wakati wa ndoa yake. Ndoa ilikuwa imekwisha kuvunjwa. Yeye aliomba mgawo, na mahakama ikajibu kwamba nyumba ilinunuliwa kwa fedha za mume, Ally Sefu; Bi Hawa alikuwa mke tu. Akakata rufani Mahakama Kuu, akashindwa tena. Kisha akaenda Mahakama ya Rufani, ambayo wakati huo ilikuwa na umri wa miaka michache tu, maana ilianzishwa mwaka 1979.

Bi Hawa hakuwa Mlutheri, na shauri lake halikuanzia Kibaha wala Kisarawe. Tunaanza naye kwa sababu kila mama wa sharika zetu za Mkoa wa Pwani anayesimama leo mbele ya hakimu na kusema, "Mimi nilipika, nililea, nilimuuguza, na nyumba hii ina jasho langu," anapita mlango ambao Bi Hawa aliugonga. Akina mama hao tunawafahamu sote. Ni wa miaka arobaini na kitu au hamsini na kidogo. Aliolewa akiwa binti, akahama na mume kwenda Maili Moja, Tumbi au Mlandizi. Wakanunua kiwanja wakati bei ikiwa bado ya watu wa kawaida, wakajenga chumba baada ya chumba. Watoto wamemaliza shule. Ndipo siku moja mume akaleta mwingine, au akaondoka asirudi, au kipigo kikazidi, na mama akajikuta barabarani na mabegi mawili. Karatasi ya mauziziano ya kiwanja ina jina moja, na jina hilo si lake.

Sheria inayomhusu ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kabla yake Tanganyika ilikuwa na ndoa za namna nyingi na kila namna ilikuwa na kanuni zake: za Kikristo, za Kiislamu, za kimila, za serikali. Mwaka 1969 serikali ilitoa waraka wa mapendekezo ya kuwa na sheria moja, na mjadala ukawa mkali makanisani, misikitini na bungeni. Sheria iliyopatikana iliruhusu kila mmoja afunge ndoa kwa imani yake, lakini kuvunjika kwa ndoa kukawekwa chini ya mahakama. Na kabla ya kufika mahakamani, kwa kawaida wanandoa hupita kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Likishindwa kuwapatanisha hutoa hati, na hati hiyo ndiyo huambatanishwa na madai ya talaka. Wako akina mama waliokaa miaka wakidhani talaka ya mdomo imemaliza kila kitu, au kwamba mume akishasema "toka" basi nyumba imekwisha kugawiwa. Sivyo. Hata walioishi pamoja miaka miwili au zaidi bila kufunga ndoa, jamii ikiwatambua kuwa mume na mke, sheria inawadhania kuwa ni wanandoa mpaka ithibitishwe vinginevyo, na wakiachana mahakama inaweza kuwasikiliza kuhusu mali na watoto.

Kifungu kilicholeta ubishi ni cha 114. Kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali waliyochuma wanandoa kwa juhudi zao za pamoja, na kinaitaka iangalie mchango wa kila mmoja kwa fedha, kwa mali au kwa kazi. Neno "kazi" ndilo lililowagawa majaji wa Mahakama Kuu kwa zaidi ya miaka 10. Wengine walisema kazi maana yake ni kazi iliyoleta mali yenyewe: kubeba matofali, kuuza duka, kulima shamba lililouzwa. Kupika na kufua ni wajibu wa mke, haununui nyumba. Wengine wakauliza: mume angewezaje kwenda kazini kila asubuhi, ameshiba na nguo zake safi, kama nyumbani hakuna mtu?

Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, akiwapo Jaji Mkuu Francis Nyalali pamoja na majaji Makame na Kisanga, ilikata ubishi huo. Ilisema kwamba ustawi wa familia ni sehemu ya shughuli za kiuchumi za familia, na hivyo aliyeutunza ustawi huo amechangia kupatikana kwa mali. Kazi ya nyumbani ni kazi. Shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu likawa msingi ambao mahakama zetu zinausimamia mpaka sasa.

Lakini Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu. Watu hupenda kukiruka kipande hiki, nasi tunaona kisirukwe. Ushahidi ulionyesha kwamba mume alikuwa amempa shilingi 15,000 aanzishe biashara ya familia, naye akazitumia bila biashara hiyo kuonekana. Mahakama ikaona kwamba alichostahili alikuwa amekwisha kukichukua kwa njia hiyo. Mwanamke ambaye jina lake limewapatia wenzake mgawo alitoka mahakamani mikono mitupu. Tunapolisoma shauri hili tunamkumbuka Hajiri, aliyetolewa kwa Ibrahimu asubuhi na mapema na kupewa mkate na kiriba cha maji, kana kwamba miaka yote ile ilikuwa na thamani ya mkate na kiriba.

Kipande hicho kina somo la kawaida kabisa, la daftari na risiti. Katika mashauri ya baadaye Mahakama ya Rufani imesisitiza kwamba kiasi cha mchango ni jambo la ushahidi. Hakuna nusu kwa nusu inayokuja yenyewe. Mama anayeweza kuonyesha kwamba mchezo alioupokea mwaka fulani ulinunua mabati, au aliye na jirani wa kuthibitisha kwamba alikuwa akiuza vitumbua ili watoto walipiwe ada wakati mshahara wa mume ukienda kwenye saruji, huyo ana neno la kusema. Asiye na chochote isipokuwa machozi husikilizwa kwa huruma, kisha hakimu huandika alichoweza kuandika.

Wapo Wakristo wanaosema mambo haya ya mahakama si ya kanisa, na kwamba mchungaji anayeyataja anahimiza talaka. Kwa Walutheri hoja hiyo ni ngeni kuliko wanavyodhani. Mwaka 1529 Martin Luther aliwaandikia wachungaji wa kawaida kitabu kidogo cha kufungisha ndoa, na jambo la kwanza alilowaambia ni kwamba ndoa ni shughuli ya kidunia, ina desturi zake kila nchi, na watumishi wa kanisa wasijifanye watawala wake. Kazi yao ni kubariki na kuombea. Hakuidharau ndoa kwa kusema hivyo. Aliiita kazi ya Mungu. Alichokataa ni kanisa kuishika sheria ya ndoa mkononi. Basi kama tumewaachia watawala sheria hiyo, ni lazima tuijue inasema nini, la sivyo tutakuwa tumemwacha mama peke yake katika nyumba ambayo sisi wenyewe tulisema si yetu.

Na Luther aliyaona haya nyumbani kwake, ingawa kwa njia nyingine. Hakuwapenda wanasheria. Wosia wake wa mwaka 1542 aliuandika bila wao, akimwachia mali mkewe Katharina von Bora, na wosia huo haukufuata sheria ya Saksonia. Alipofariki mwaka 1546, Katharina, mama wa miaka 47, ilibidi asaidiwe na mtawala ili wosia ule utambuliwe. Kisha vita vikamkimbiza mara mbili. Aliporudi akakuta mashamba yameharibiwa, akaanza upya kwa kupangisha vyumba. Huyo alikuwa mjane, hakuachwa. Lakini hata mke wa Luther alihitaji karatasi iliyonyooka.

Sasa turudi Kibaha. Mtu anayepita barabara ya Morogoro huona mji uliojaa maduka na vituo vya mabasi, akasahau kwamba sehemu kubwa ya jina la Kibaha ilitokana na elimu. Mwaka 1963 ulianza hapa mradi wa pamoja wa Tanganyika na nchi za Denmark, Finland, Norway na Sweden: shule, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima. Mwaka 1970 ukakabidhiwa serikali, likawa Shirika la Elimu Kibaha. Chini ya shirika hilo kipo Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, kimojawapo cha vyuo vilivyoanza kuenezwa nchini mwaka 1975 kwa kuiga vyuo vya wananchi vya Sweden. Na vyuo vya namna hiyo asili yake ni fikra za N. F. S. Grundtvig, mchungaji wa Kilutheri wa Denmark aliyefariki mwaka 1872. Aliona kwamba mtu mzima asiyepata shule ana haki ya kufundishwa akiwa mtu mzima, bila kuaibishwa na mitihani ya watoto. Tunalitaja hili kwa furaha kidogo, tusamehewe. Mama wa miaka 46 anayeingia chuo cha wananchi kujifunza ushonaji, mapishi au ufugaji, akikaa dawati moja na binti wa umri wa mwanawe, anakalia kiti kilichotengenezwa kwa ajili yake tangu mwanzo. Hajapotea njia.

Wengi hawabaki Kibaha, hata hivyo. Kodi ya chumba ni kubwa, na macho ya majirani ni mengi zaidi. Hurudi kwao. Kwa mzaliwa wa Kisarawe safari yenyewe si ndefu: Mbezi, kisha Gongo la Mboto, Pugu, na kupanda vilima. Kilicho kizito ni kuingia uani kwa mama na mabegi.

Kisarawe ina historia yake na watu wa namna hiyo. Mmisionari Johann Jakob Greiner, aliyefika Dar es Salaam mwaka 1887, alifungua kituo cha Kisarawe mwaka 1892, na Wajerumani wakakiita kwa lugha yao Kilima cha Tumaini. Miongoni mwa watu wa kwanza waliotunzwa na misheni hiyo walikuwamo waliokombolewa utumwani, watu waliotengwa na koo zao na wasio na kwao pa kurudi. Usharika ulianza kwa kuwa ukoo wa wasio na ukoo. Nao Wazaramo waliouzunguka walikuwa na jambo lingine: kwa asili walihesabu ukoo kwa upande wa mama. Marja-Liisa Swantz, Mfini aliyekuja kufundisha katika kanisa letu miaka ya 1950 na baadaye kuishi Bunju akiwachunguza Wazaramo, aliandika kwa kirefu juu ya mila zao katika kitabu chake cha mwaka 1970. Mwanamke wa Kizaramo alipoolewa hakukatwa na watu wake. Ndoa ikivunjika, wajomba na kaka zake walijua ni wao. Uislamu, shule na uuzaji wa ardhi vimeubadilisha mpango huo, na leo kaka mwenye shamba la korosho anaweza kumwambia dada yake kwamba aliolewa, akale kwa mumewe.

Hapo ndipo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inapofaa kusomwa, na tunashangaa ni wachache kiasi gani wanaoijua sehemu hii. Inasema kwamba mtu aliyetalikiwa, au aliyetengana na mwenzi wake kwa muda usiopungua miaka miwili, kama kabla ya kuhama kwa ajili ya ndoa alikuwa mkazi wa kijiji hicho, anaweza kuomba ardhi ya kijiji kama mwanakijiji mwingine. Kuolewa hakukumfuta. Na ukitokea ugomvi wa ardhi, Baraza la Ardhi la Kijiji lina watu 7, na wasiopungua 3 kati yao lazima wawe wanawake.

Kitabu cha Ruthu tunakihubiri sana kwenye harusi, kwa sababu ya maneno ya Ruthu. Tukisome pia mpaka sura ya mwisho. Naomi alirudi Bethlehemu akiwa mzee kidogo, ameondokewa na mume na wana, akakataa hata kuitwa kwa jina lake. Wanawake wa mji walimpokea kwa mshangao. Lakini maisha yake yalibadilika pale Boazi alipokwenda langoni, akaketisha wazee kumi, akalitaja shamba. Mambo ya ardhi yalizungumzwa mchana, mbele ya mashahidi, jina kwa jina.

Katika sharika zetu mama aliyeachwa mara nyingi hubadilisha kiti kwanza, akasogea nyuma, karibu na mlango. Halafu huacha kuja meza ya Bwana, kwa kudhani kwamba ameshushwa cheo. Watu humwambia kwamba Mungu anachukia kuachana, nao wanamtaja Malaki. Ila Malaki, ukimsoma vizuri, alikuwa akiwakemea wanaume waliowatenda hila wake wa ujana wao. Kemeo hilo limekuwa likipelekwa kwa mtu asiyehusika.

Barua ya kuomba ardhi hupelekwa kwa halmashauri ya kijiji, kupitia ofisi ya mtendaji. Maneno yake si mengi: jina, mahali alipozaliwa, mwaka aliohama na sababu ya kurudi. Katika kila mtaa wa Kisarawe wapo wazee wa kanisa wanaomkumbuka mama huyo tangu alipokuwa binti wa kipaimara. Mmoja wao anaweza kwenda naye siku ya kikao, akasema kwamba anamjua.